Meza ya Harusi Iliyomfunga Mwanangu

Nilimwona mwanangu Gradi akichoma depo ya watu. Nilimwona kwa macho yangu mawili.

Na saa ileile depo ilipowaka, Gradi alikuwa kitandani mwangu, chini ya blanketi, malaria inamtetemesha mpaka meno yanagongana.

Soma tena kama hujaelewa. Hata mimi sikuelewa.

Jina langu ni Mwaba, lakini hapa commune ya Kenya, mtaa wa mji wa Lubumbashi, Kongo, wananiita Mama Gradi. Asubuhi ninakaanga vitumbua. Mangaribi ninasoma.

Ndiyo, ninasoma. Nina wajukuu na ninasoma. Usicheke.

Kanisa letu lina kozi za mangaribi kwa watu wazima. Mimi nilitaka ushonaji. Nilipofika kujiandikisha, sekretere akaniambia, "Mama, couture imejaa. Kunabakia paka nafasi ya montage." Yaani montage tu.

Nikafikiri montage ni kazi ya kuunganisha vitanda. Nikasema sawa, vitanda navyo vina wateja.

Kumbe ni video. Kukata filime, kuipanga, kuitia rangi. Niliomba juu ya jambo hilo, nikapata amani moyoni, nikabaki.

Leo najua kwa nini Mungu alijaza ile couture.

Basi. Ulikuwa wakati mbaya. Habari za vita vya mashariki zilikuwa zinaingia kila saa. Leo mji fulani umeanguka. Kesho benki za kule zimefungwa. Kesho kutwa bei ya unga imeruka huku kwetu. Shule zilifunga milango. Askari walisimama kwenye kila kona.

Na vijana wa mtaani, ambao hata ramani ya mashariki hawajawahi kuiona, wakaanza kusema wafanyabiashara waliotoka kule ni wapelelezi.

Mama Kahambu alitoka Butembo akiwa msichana. Amekuwa anauza unga na maharage kwa jumla hapa Kenya miaka mingi kuliko umri wa hao vijana. Depo yake iko kwenye njia panda, pale taxi-moto, pikipiki za abiria, zinapopanga mstari. Tulikuwa tunasali naye kikundi kimoja. Alikuwa ananikopesha unga wa vitumbua bila kuniangalia vibaya.

Alasiri moja kundi likapita likiimba matusi. Pikipiki ikasimama mbele ya depo. Mtu akashuka, kofia ya pikipiki imefunika uso wote, akarusha chupa ya petroli iliyowashwa.

Mlinzi, Papa Kalaba, aliingia ndani kuvuta magunia. Mikono yake yote miwili iliungua. Mpaka leo analishwa na mke wake.

Sasa, ng'ambo ya barabara, ghorofani, kuna studio ya Rigobert, yule anayepiga video za harusi. Alikuwa dirishani na kamera yake. Aliona yote. Alipiga yote.

Kesho yake video ilikuwa kwenye kila simu.

Hapa nikueleze jambo moja, maana kila kitu kinasimama juu yake. Katika parking yetu, kile kituo cha njia panda, waendesha pikipiki wanavaa gilet za kijani, vile vizibao vya kung'aa. Mmoja tu anavaa ya orange, kontrolere, yule anayepanga zamu.

Kontrolere ni Gradi wangu.

Na mtu wa kwenye video alikuwa na gilet ya orange. Inang'aa kama papai lililoiva.

Askari walikuja wakamtoa kitandani. Nikawafuata mpaka barabarani bila viatu.

"Chef, alikuwa hapa! Anaumwa! Mushike paji la uso yake!"

Askari mmoja akaniangalia kwa huruma. Huruma ile iliniuma kuliko kofi.

"Mama, kila mama anasemaka vile."

Wakamtia kasho, mahabusu ya polisi. Na kwa kuwa kasho zilikuwa zimejaa watu wa fujo, wakatuambia kwamba Ijumaa wote watapelekwa gereza la mbali, nje ya mji. Huko singeweza kumfikia na chakula. Wala dawa. Mtoto mwenye malaria, katikati ya watu waliopigana.

Nilijua nikimkosa Ijumaa, nimemkosa.

Na nilijua nani amefanya hivyo.

Rigobert.

Rigobert na Gradi walikuwa wamegombana juu ya Graciella, binti wa jirani. Graciella alimchagua Gradi. Na Rigobert alisema mbele ya watu wote kwenye kantini, "Gradi, utaona." Sasa tumeona. Mtu ana kompyuta, ana chuki, anashindwa nini kutengeneza uongo?

Siku ileile Jeannot akaja nyumbani kwangu.

Jeannot ni présidaa wa parking, mkubwa wa wale waendesha pikipiki wote. Na ni ndugu yetu katika Kristo. Kwenye kikundi chetu cha maombi hakuna mwenye sauti kama yake. Akiomba, mabati yanasikia.

Akaniwekea mkono kichwani.

"Mama, usilie. Hii ni mushale. Mushale ya adui tunaifanya nini?"

"Tunairudisha," nikasema.

"Retour à l'envoyeur! Irudi kwa yule aliituma! Unajua jina yake?"

"Rigobert."

Mkono wake ukainuka kichwani mwangu, ukarudi. Halafu akasema, "Bas, tumutaje."

Tukamtaja. Kila asubuhi, kila mangaribi. Niliomba juu ya tumbo la Rigobert. Juu ya macho yake. Juu ya ile kamera, ipasuke ikiwa shingoni mwake. Sijawahi kuomba hivyo maishani. Nilikuwa nainuka nimelowa jasho, na moyo umetulia kama mtu aliyekula akashiba.

Sitawadanganya. Ilikuwa tamu.

Sikutaka kurudi kozini wiki ile. Mwenzangu wa darasa, Mujinga, hilo ni jina lake si tusi, ndiye aliyenivuta. Nikaenda na swali moja tu.

"Maître," nikamwambia mwalimu wetu, Maître Dominique, "mutu anaweza kutia mutu wa bongo, wa uongo, mu filime?"

"Anaweza, Mama. Lakini ni kazi kubwa. Ikaa kwanza. Leo tuko na somo ya rangi."

Nikakaa kwa hasira.

Akafungua programu ile tunayotumia kuangalia filime kabla haijatoka, ambapo mteja naye anaweza kuingia kwa lien, kiungo cha mtandao, na kuandika maoni yake. Akaonyesha video ya kwaya yetu. Ilikuwa ya kijivu. Nyuso za watu kama zimepakwa majivu.

"Kamera iko mugonjwa?" Mujinga akauliza.

Watu wakacheka. Maître akasema hapana. Kamera za siku hizi zinapiga hivyo makusudi, rangi imelala, ili baadaye uiamshe unavyotaka. Na kuiamsha unatumia kitu kinaitwa LUT.

"LUT ni nini? Ni une table."

"Meza?" nikauliza.

Darasa zima likaanguka kicheko. Hata mimi, siku ile, nilitabasamu.

"Apana, Mama Gradi. Table ya manamba. Rangi inaingia na namba hii, table inasema: toka na namba ile. Bleu ingia hivi, toka vile. Basi."

Kwangu imebaki meza mpaka leo. Unaweka rangi upande huu wa meza, unaichukua upande ule ikiwa nyingine.

Akabonyeza. Kwaya ikafufuka. Ngozi ngozi, pagne pagne, kila kitenge na rangi yake.

"Hii njo meza ya kamera yenyewe, inaitwaka Normal. Inaonyesha vile ilikuwa. Sasa muone hii ingine, ba studio banaipendaka sana."

Akabonyeza tena, tiki ikakaa mbele ya jina lake. Loo! Kila mtu akawa bwana harusi. Nyuso za dhahabu, kuta za dhahabu.

Mujinga akaruka kwenye kiti.

"Mai! Pagne yangu! Pagne yangu ni bleu, juu ya nini imekuwa kijani?"

"Ni meza, Mama. Hii ya harusi inavuta kila kitu kwa dhahabu."

"Sasa umeniharibia pagne!"

"Sikuigusa. Ikiondoka ile tiki, pagne yako inarudia bleu. Meza haiguse filime. Inagusa paka jicho."



Nikasimama. "Maître. Kama bleu inatoka kijani. Kitu gani kinatoka orange?"

"Eh, vingi, Mama. Ni lazima nione filime yenyewe."

Zile za kwenye simu zilikuwa nakala zilizokwisha kutiwa rangi. Filime yenyewe alikuwa nayo mtu mmoja tu zaidi ya Rigobert. Mama Kahambu. Rigobert alimtumia lien ili achague picha za kupeleka polisi.

Asubuhi nikaenda kwake.

Nilimkuta ndani ya depo isiyo na paa, anafagia unga ulioungua. Harufu ya maharage yaliyochomwa ilikuwa nzito mpaka inakaa mdomoni. Aliponiona hakuacha kufagia.

"Unatafuta nini hapa?"

"Mama Kahambu, lien ya Rigobert bado iko ku telefone yako?"

"Iko. Unataka niifute?"

"Apana. Nataka uifungue. Weye mwenyewe, na mukono yako."

"Ili uone muzuri vile mutoto yako ananichoma?"

"Ndiyo. Nataka nione muzuri."

Akaegemeza ufagio. Aliniangalia kwa muda, yule mwanamke, kama anayepima kama nimechanganyikiwa. Halafu akatoa simu kifuani.

Ikafunguka. Moto. Pikipiki. Mgongo wa mtu. Gilet ya orange. 

Chini ya picha kulikuwa na maandishi madogo, na tiki mbele ya moja. Mariage Doré.

"Soma pale," nikasema.

Akasogeza simu mbali na macho. "Mariage Doré. Harusi? Hapa nani anaoa?"

"Njo ile nauliza na miye. Toa ile tiki."

Akaitoa. Picha ikawa ya majivu.

"Umeniharibia! Nilijua unakuja kuharibu!"

"Haijaharibika, Mama. Ngoja. Chini yake kunaandikwa Normal. Bonyeza Normal."

Akabonyeza.

Mimi nilikuwa nakodolea gilet, lakini yeye hakuwa anamwangalia mtu kabisa. Alikuwa anaangalia nyuma yake.

"Mulango yangu," akasema.

"Nini?"

"Mulango yangu! Ona! Ni bleu!"

Depo ya Mama Kahambu hapa mtaani haiitwi depo. Inaitwa Mulango wa Bleu. Aliupaka mwenyewe, rangi ya duka la baba yake kule Butembo. Ukimwelekeza mgeni, unamwambia, pita Mulango wa Bleu, kata kuume.

"Wiki yote naangalia hii filime," akasema, sauti imepasuka. "Wiki yote! Naangalia mulango ya kijani, na siione! Mulango yangu mwenyewe!"

Tukaangalia sasa gilet.

Njano. Njano ya limau.

Katika parking yetu kijani ni nyingi. Orange ni moja. Na njano nayo ni moja. Njano ni ya présidaa.

"Jeannot," akasema Mama Kahambu.

"Jeannot," nikasema, kama mtu anayerudia jina la ugonjwa mbele ya daktari.

Niliketi juu ya gunia lililoungua. Kichwani nilikuwa nahisi bado uzito wa ule mkono wake. Mkono uleule.

"Twende polisi," nikasema. "Sasa hivi."

"Apana." Mama Kahambu alikuwa amekauka machozi. "Atasema ni weye umechezesha rangi. Ile maombi ya Gradi ni siku gani?"

"Leo. Saa kumi."

"Bas. Aombe kwanza. Nataka nimusikie vile anaomba."

Ningepaswa kuliogopa lile jicho lake. Lakini nililipenda. Lilikuwa jicho langu.

"Na Rigobert akuje," nikasema. "Njo yeye alitia meza ile. Nataka baanguke bote mbili siku moja."

"Nitamwita na kamera yake."

Saa kumi chumba cha maombi kilijaa. Akina mama wa kikundi, jirani, Papa Kalaba na mikono yake iliyofungwa bandeji. Nje wamesimama vijana wa gilet za kijani, wamekuja kumwombea kontrolere wao. Rigobert alisimama karibu na mlango, kamera begani, hajui kaitiwa nini. Maître Dominique alikuwa ameunganisha kompyuta yake na ile televisheni tunayosomea maneno ya nyimbo.

Walipomwona Mama Kahambu, watu walinong'ona. Mwenye kuchomewa na mama wa mchomaji, benchi moja.

Jeannot akaanza.

"Eeh Baba! Ule aliwasha moto, moto imurudilie!"

"Amina!"

"Mukono ile ilirusha, ikauke!"

"Amina!"

Papa Kalaba naye alisema amina. Nilimsikia. Nikauma mdomo mpaka nikaonja damu.

Jeannot akatulia, akajifuta jasho. Mama Kahambu akainua mkono.

"Papa Jeannot, ongeza kidogo. Omba uso wake uonekane. Leo. Mbele ya bantu."

Akamwangalia. Angekataa namna gani?

"Uso wake uonekane, Baba! Leo! Aibu imuvae kama koti!"

"AMINA!"

Amina ya Mama Kahambu ilibaki hewani zingine zilipokwisha.

Nikasimama.

"Ba ndugu, Mungu amesikia. Muangalie huku."

Nikaonyesha ile video. Orange. Wengine wakaguna, wengine wakainamisha vichwa kwa ajili yangu. Nikaondoa tiki ya harusi. Nikaweka Normal.

Njano.

Halafu Jeannot akacheka. Kicheko cha mtu mkubwa kabisa.

"Ba mama, hamuone? Mama Gradi anasoma montage! Asubuhi orange, mangaribi njano, kesho ataifanya zambarau! Mimi ninamusamehe, ni uchungu ya muzazi."

Na wakaanza kuyumba. Niliwaona. Mama mmoja akasema kwa upole, "Mama Gradi, ikaa tu." Kama ningekuwa peke yangu, ningekaa.

Mama Kahambu hakusimama hata. Alisema akiwa kwenye benchi.

"Musiangalie gilet. Muangalie mulango. Nani hapa hajakulaka unga yangu?"

Akanyoosha kidole kwenye televisheni.

"Mulango yangu ni rangi gani?"

"Bleu," wakasema wote, kama watoto wa shule.

"Na pale?"

"Bleu."

"Mama Gradi, rudisha ile ya harusi."

Nikarudisha.

"Na sasa?"

Shingo zikanyooka. Halafu mama mmoja nyuma, taratibu: "Yesu. Ni kijani."

Sasa hakuna aliyeuangalia mlango tena. Walimwangalia Jeannot. Na gilet yake ya njano, imekunjwa pale kwenye kiti chake.

Jasho jipya likamtoka.

"Muulize Rigobert!" akapaza sauti. "Njo yeye alitia ile rangi! Anachukia Gradi! Bantu bote banajua!"

Mimi hilo ndilo nililokuwa nalingoja. Nikamgeukia Rigobert na sumu yangu yote.

"Sema, Rigobert. Juu ya nini ulitia harusi juu ya moto?"

Rigobert akaweka kamera chini.

"Gradi simupendi," akasema. "Na leo bado simupendi. Lakini filime ile nilitaka kuituma na Normal. Ni Papa Jeannot alisikia nilipiga filime, akakuja ku studio asubuhi, mbele ya kumutumia mutu yeyote. Akaniambia, kaka, tia ile ya harusi, Mama Kahambu asiumie sana kuona moto. Nikafikiri ni huruma."

"Bongo!" Jeannot akasema.

"Bongo namna gani? Weye njo unaijua ile LUT kuliko wateja yangu bote! Ndoa yako nani aliipiga? Convoi ya mapikipiki, weye mbele na gilet yako. Ukakuja kunipigia makelele wiki nzima! 'Rigobert, gilet yangu ni njano, umeifanya orange, bantu banafikiri mi ni kontrolere!' Haukusema vile?"

Mtu mmoja alicheka. Akajistukia, akafunika mdomo.

Jeannot akaangalia mlango.

"Na bantu baliposema ni Gradi?" nikamwuliza Rigobert.

Akaangalia chini. "Nilifurahi, Mama. Sitasema bongo. Sikurudia kuangalia."

Jeannot akaenda mlangoni. Lakini mlangoni kulikuwa na kijani tupu. Vijana wake mwenyewe. Walikuwa wamesikia yote.

Mmoja wao akasema neno moja. "Pneu."

Siku zile neno hilo lilitosha. Tairi, petroli, kiberiti, na mtu hayupo tena.

Nitawaambia ukweli, kwa maana Mungu anaujua. Nililisikia neno lile na halikunitisha. Nilimwona mwanangu sakafuni kwa kasho, na nikasema moyoni: waache.

Ni Mama Kahambu aliyesimama. Kwa mara ya kwanza siku ile.

"Apana. Moto, miye nimeshiba." Akachukua ile gilet ya njano kwenye kiti, akamtupia. "Avae. Aende na miguu yake."

Akavaa.

Tukamtembeza. Avenue nzima, kabla jua halijazama, vijana wa kijani kila upande, akina mama nyuma wanaimba, Papa Kalaba mbele na mikono yake myeupe kwa bandeji. Kila duka watu walitoka. Kila mtu aliiona ile njano. Nilitembea karibu naye ili nimwone akionekana.

Ilikuwa tamu kuliko maombi.

Kituoni, Mama Kahambu aliondoa mashtaka juu ya Gradi na kuandika mapya. Rigobert akaacha filime, ile ya majivu, bila meza. Na Jeannot mwenyewe, akisikia vijana wake wanapiga honi nje, aliona kasho ni nyumba nzuri. Akasema yote. Mama Kahambu alikuwa amemwambia Gradi atoe pikipiki mbele ya mlango wake, na Gradi akakubali, akazitoa bila kumwuliza yeye présidaa. Basi. Kwa sababu ya hiyo. Vita vilimpa tu siku ya kujificha.

Gradi alitoka amekonda, macho makubwa. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Wakati wanamwingiza Jeannot, alikamata pagne yangu.

"Mama Gradi. Tafazali. Uniombee."

Nikatoa vidole vyake kwenye pagne yangu, kimoja kimoja.

"Umejiombea mwenyewe, Papa. Siye tulisema paka amina."

Wiki iliyofuata nilienda kwa Rigobert. Nikamwambia nilivyokuwa nalitaja tumbo lake mbele za Mungu, asubuhi na mangaribi.

Akashika tumbo. "Ah! Mama! Njo ile! Nimemeza dawa za kila namna!"

Nikamwombea pale pale, kwa kurudi nyuma, kama mtu anayefumua ushonaji. Nadhani alipona. Graciella bado hamtaki.

Wewe unayesoma hapa, huenda nawe umetumiwa video leo. Unasema, nimeona kwa macho yangu. Sawa. Uliza kwanza macho yako yalikalishwa kwenye meza gani, na nani aliitandika.

Na kama unaomba kisasi, kama mimi, sitakuambia uache. Mimi sijaacha. Ila siku hizi, pale pa jina, sijazi. Napaacha wazi.

Mara ya mwisho nilipojaza mwenyewe, nilikuwa namuua shahidi wangu.